Kelele Zilizohama Nanxun

Katika ukuta wa mawe unaozuia kingo za mfereji wa Nanxun zisiporomoke, shubiri chache juu ya maji, kuna tundu ambalo mpita njia halioni asipoinama. Mtaka cha mvunguni, wahenga wamekwisha sema. Ni jiwe lililotokezwa nje kidogo ya ukuta, likachongwa, likatobolewa kutoka upande mmoja hadi wa pili ili kamba ipite na chombo kifungwe. Fundi hakutosheka na tundu tupu. Katika miji ya mifereji ya upande huu wa Uchina, kusini ya mto Yangtze, mawe ya aina hii hutiwa nakshi: mengine yana sura ya pembe za ng'ombe, mengine ya jani la mgomba, mengine ya wingu lililojikunja. Hili nililoliinamia limekwisha poteza sura yake. Huenda lilikuwa ua, huenda lilikuwa jani. Kilichobaki wazi ni mfuo. Upande wa chini wa tundu, pale kamba ilipokuwa ikivutwa na uzito wa chombo, jiwe limelika likafanya njia laini inayotosha kulaza kidole cha shahada. Bandubandu huisha gogo, na kamba ya nyuzi, ambayo ukiitia moto inateketea na ukiiacha majini inaoza, imelila jiwe.

Humo ndani sasa kumeota kuvu, na buibui ametandaza utando wake bila wasiwasi. Hakuna kamba iliyopita hapo kwa muda mrefu. Mashua za kutembeza wageni, zenye paa na viti vya mbao, zina gati lao karibu na daraja. Nikabaki na mfuo ule akilini. Jiwe likiachwa peke yake, hata zipite karne ngapi, linaota kuvu tu. Kinacholichimba ni kazi. Kwa hiyo mfuo haunielezi umri wa mji. Unanieleza msongamano wake: wangapi walifika alfajiri wakakuta nafasi zimejaa, wangapi walifunga chombo chao kwa cha jirani kwa sababu jiwe lilikwisha chukuliwa, matusi mangapi yalirushwa kutoka tezi moja hadi omo nyingine kabla jua halijapanda.

Nanxun iko Huzhou, mkoa wa Zhejiang, kusini ya Ziwa Tai, na ukielekea mashariki kwa barabara za leo hukawii kuingia Shanghai. Mfereji wa Ditang unaopita hapo ni tawi la Mfereji Mkuu wa Uchina, ule ulioanza kuunganishwa kuwa mmoja chini ya ukoo wa Sui mwanzoni mwa karne ya 7, na ambao kutoka Beijing hadi Hangzhou una zaidi ya kilomita 1,700. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kipande cha Nanxun pamoja na mji wake wa kale vikaingia humo. Ukifika unaona kwa nini. Kuta nyeupe zimechujuka zikapata rangi ya maziwa yaliyolala, vigae ni vyeusi, na kuta za kati ya nyumba na nyumba zinapanda ngazi kwa ngazi kupita paa, kusudi moto wa jirani usirukie kwa jirani. Daraja la Tongjin linainua mgongo wake wa jiwe juu ya maji kwa upinde mmoja, na juu yake wenye kamera wanasubiriana. Upande wa pili wa mji, nyumba za Baijianlou zimejipanga ukingoni na baraza zake zenye paa, mlango baada ya mlango. Husimuliwa kwamba afisa mmoja mkubwa wa enzi ya Ming, Dong Fen, ndiye aliyezijenga kwa ajili ya watumishi wa nyumba yake.

Wote waliofika kabla yangu walinisifia kitu kimoja: kimya. Vitabu vya wasafiri vinakisifia, mabango yanakisifia, hata dereva aliyenileta alikisifia huku akipiga honi. Nami sina haja ya kujifanya mgumu, nilikipenda. Unatembea kwenye ukingo saa za asubuhi, unasikia mtu akipangua vibao vya duka lake, unasikia kasia likitoka majini, basi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, na mfuo wa jiwe ulikwisha nitia shaka. Mji wenye mawe ya kufungia vyombo kila baada ya hatua kadhaa haukujengwa na watu waliotaka utulivu. Ulijengwa na watu waliotaka kufikiwa. Kwa mababu wa Nanxun, mfereji mtupu asubuhi ungekuwa habari ya kutisha: kuna vita huko juu, au tauni, au bei imeanguka.

Si mbali na hapo, katika kijiji cha Kaixiangong upande wa mkoa wa Jiangsu, mwanazuoni Fei Xiaotong alikaa mwaka 1936 akichunguza maisha ya wakulima, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1939 kina jambo ambalo nililikumbuka nikiwa nimekaa ngazini. Kila asubuhi mashua za wakala ziliondoka kijijini kwenda mji wa karibu. Kabla ya kuondoka, watu walimwagiza mwenye mashua: huyu mafuta ya kupikia, yule chumvi, huyu chupa ijazwe mvinyo. Yeye aliyabeba yote kichwani, vyombo akavipanga chini, jioni akarudi na kila kitu cha kila mtu. Wanakijiji hawakumlipa, alipata chake kwa wenye maduka wa mjini, ambao kwao yeye ndiye mlango wa kijiji kizima. Aliyetaka kwenda mjini alipanda bure, na vijana wakasaidia kupiga makasia. Sasa chukua mashua hiyo moja, uizidishe kwa vijiji vyote vinavyozunguka mji wa soko, halafu uzilete zote ukingoni kwa wakati mmoja. Hapo ndipo utayaelewa mawe. Mji wa mfereji ulikuwa sikio la vijiji, na sikio halina kifuniko.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nchi yote ile ya kusini ya ziwa ilikuwa tope na matete, na watu wakaigawanya kwa mikono, hapa maji, hapa ardhi, wakiinua tuta na kuchimba bwawa. Juu ya tuta wakapanda miforosadi. Majani ya mforosadi ni chakula cha viwavi wa hariri. Kinyesi cha viwavi hutupwa bwawani kuwa chakula cha samaki. Tope la chini ya bwawa, lililonona kwa uchafu wa samaki, huchotwa na kurudishwa kwenye tuta kuurutubisha mforosadi. Mfumo huo wa Huzhou ungaliko, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kilichonivutia zaidi ni tope lenyewe. Mifereji nayo ilikuwa na tope, na wakulima walitoka kwa mashua, wakazamisha wavu uliofungwa kwenye mianzi miwili mirefu, wakaubana chini kabisa, wakaupandisha mzito, unachuruzika, wakaumwaga mashuani. Kazi ya kuvunja mgongo. Hakuna aliyewaambia kwamba wanasafisha njia ya maji ya taifa. Walikuwa wakitafuta mbolea, na kwa kutafuta mbolea kina cha mifereji kikabaki vilevile karne baada ya karne. Ilipokuja mbolea ya viwandani, inayonunuliwa kwa gunia, mikono ile ikapumzika, na tope likaanza kupanda. Mara nyingi kitu cha kale hudumu kwa sababu kuna watu wenye shida nacho kila siku, na shida hiyo ikitatuliwa kwa njia nyingine, kitu chenyewe hubaki yatima.

Hata hivyo, pamoja na makelele yote ya ukingoni, palikuwa na majira ambapo watu wa huku walinyamaza wenyewe. Viwavi wa hariri ni viumbe wa anasa. Baridi ikiwapata wanakufa, majani yenye umande yanawaumiza, moshi unawaumiza, na wazee waliamini kwamba makelele na nyayo za wageni huwaudhi. Majira ya kuchipua, viwavi walipoanza kula, nyumba zilifungwa milango. Jirani hakumtembelea jirani, harusi zilisubiri, na ilikuwa desturi hata watoza kodi wasibishe hodi mwezi huo. Ndani, juu ya tabaka za nyungo za mianzi zilizopangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, viwavi walitafuna majani mchana na usiku, na waliowahi kulala katika nyumba hizo husema mlio wake ni wa mvua ya rasharasha inayopiga paa la makuti. Mama wa nyumba aliamka kila baada ya saa chache kuwalisha. Kilikuwa kimya kilichojaa matarajio na hofu, kimya cha mtu aliyekopa fedha za majani na anaomba deni lisimfikie kabla ya vifukofuko. Kikiisha, mji ulilipuka. Vifukofuko vilitumbukizwa katika maji ya moto, ncha ya uzi ikatafutwa kwa vidole vilivyoivishwa na mvuke, nyuzi za vifukofuko kadhaa zikaunganishwa kuwa uzi mmoja, na gurudumu likazunguka. Uzi wa kifukofuko kimoja ukinyooshwa hupita mita mia kadhaa, mara nyingine hukaribia elfu moja. Fikiria mita zote hizo zikipita kwenye vidole vya mwanamke mmoja, kifukofuko baada ya kifukofuko, wakati wanunuzi wakipayuka bei huko nje majini.

Hariri ya kijiji cha Jili, mwendo mfupi kutoka Nanxun, ilisifiwa kuliko zote kwa weupe na uimara wake. Baada ya Shanghai kufunguliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni mwaka 1843, hariri hiyo iliteremka kwa maji hadi huko, na hariri ya Huzhou ikatunukiwa nishani katika Maonesho Makubwa ya London ya mwaka 1851. Fedha zikapanda mkondo kurudi Nanxun. Zilikuwa nyingi hata wenyeji wakawapanga matajiri wao kwa ukubwa wa wanyama: tembo wanne, ng'ombe wanane, mbwa wa dhahabu sabini na wawili. Nimeupenda mzaha huo kuliko sanamu yoyote ya mjini, maana ndani yake unamsikia mpiga makasia akiwataja mabwana zake bila kuvua kofia. Kuitwa mbwa, tena kwa sifa, na bado uwe tajiri wa kutosha kujenga nyumba yenye nyua tano! Jamii ya kina Zhang, mmoja wa wale tembo, ilimtoa Zhang Jingjiang, aliyemwaga fedha zake katika harakati za Sun Yat-sen za kuuangusha utawala wa wafalme. Na ndugu wa jamii hiyohiyo, Zhang Shiming, alijenga nyumba ambayo kwa mbele ni ya Kichina kabisa, milango ya mbao iliyochongwa, ua wa mawe, kila kitu mahali pake. Unapita ua, unapita ua wa pili, unaendelea, na ghafla uko mbele ya matofali mekundu na nguzo za Kizungu, madirisha yenye vioo vya rangi vilivyoagizwa Ufaransa, na ukumbi wa kucheza dansi. Kutoka mtaani huoni dalili. Nilisimama kwenye vigae vya ukumbi ule nikajiuliza nani alicheza humo, na jirani aliyekuwa akiosha mchele ngazini alisikia nini kupitia ukuta.

Tembo mwingine, Liu Yong, alikuwa na mjukuu aliyeitwa Liu Chenggan. Huyu hakupenda dansi wala siasa, alipenda vitabu. Kati ya mwaka 1920 na 1924 alijenga maktaba ya Jiayetang, akaizungushia maji pande zote ili moto ukitokea usivuke, na katikati akaacha ua mkubwa mtupu wa kuanikia vitabu juani. Alinunua kila alichoweza kupata, akachapisha upya kwa vibao vya mbao vitabu vilivyokuwa hatarini kupotea, vikiwemo vilivyopigwa marufuku na watawala wa Qing. Mwandishi Lu Xun alimwita bwana mdogo mjinga, kwa utani wenye shukrani ndani yake, maana ni mjinga tu ndiye angetumia mali ya hariri kwa vitabu visivyouzika. Mali ilipopungua, vitabu vingi vikauzwa, na mwaka 1951 akaikabidhi maktaba kwa Maktaba ya Mkoa wa Zhejiang. Ingaliko, na vibao vya kuchapia viko ndani, maelfu, vimepangwa kwenye rafu vikinukia mbao na wino wa zamani. Kati ya wote waliotajirika hapa, huyu bwana mdogo mjinga ndiye ninayemwonea wivu.

Mtu wa mwambao akitembea Zhejiang hawezi kujizuia kutafuta nyayo za kwao. Bakuli za kijani za Longquan, kusini ya mkoa huohuo, zimefukuliwa Gedi na Kilwa. Kule Mambrui ziko bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo ya kaburi. Na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle, katika zama za zile merikebu za Zheng He zilizosafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433. Hadithi ya twiga tumeisimulia mno, kila ujumbe ukija na kila mkataba ukisainiwa, mpaka mnyama mwenyewe amechoka. Husimuliwa mara chache kwamba katika mwaka huohuo wa 1415 serikali ya Yongle iliacha kupeleka mchele wa kodi kaskazini kwa njia ya bahari. Miaka minne kabla, afisa Song Li, akifuata ushauri wa mzee wa kijijini aliyeitwa Bai Ying, aliufufua mfereji katika nyanda za juu za Shandong kwa kuyageuza maji ya mto yapande mahali yalipotakiwa, yagawanyike, sehemu kaskazini, sehemu kusini. Mfereji ukapitika mwanzo hadi mwisho. Bahari, na dhoruba zake na maharamia wake, haikuhitajika tena kwa chakula cha kaskazini. Zheng He aliendelea kusafiri kwa miaka kadhaa, kisha merikebu zikaachwa zioze. Sababu zilikuwa nyingi, gharama, fitina za ikulu, tishio la Wamongolia, na sitaki kuutwika mfereji lawama zote. Lakini hilo halinitoki: wakati twiga wetu anashushwa melini akishangiliwa, huko ndani watu wenye majembe walikuwa wamekwisha maliza kazi iliyoifanya bahari ionekane ya ziada. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Nao walikuwa na kifuu kirefu cha kilomita elfu na mia saba, kilichowatosha. Huku pwani tulikaa tukitazama upeo wa macho, nao hawakurudi.

Nanxun ilinawiri juu ya kifuu hicho, na baadaye ikaponzwa na bahari ileile, maana hariri iliyouzwa ng'ambo iliuawa huko ng'ambo. Hariri ya Japani iliyotengenezwa kwa mashine ilikuwa sawasawa uzi kwa uzi, na wanunuzi wa Marekani wakaipenda. Ukaja uzi wa kubuni wa viwandani. Ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, bei ikaporomoka, na mama aliyefungia mlango viwavi wake akafungua akakuta deni linamsubiri nje. Mwaka 1937 majeshi ya Japani yaliingia, na sehemu kubwa ya mji ikachomwa moto. Kilichofuata ni cha polepole zaidi: reli, barabara, lori. Lori halihitaji jiwe lenye tundu. Na hapa ndipo ulipo ukweli mchungu wa uzuri wa miji hii yote, kwamba imesalia kwa sababu ilipitwa. Miji iliyobahatika kupata barabara kuu mapema ilibomoa madaraja yake ya upinde, ikafukia mifereji, ikamwaga lami. Iliyosahaulika ikabaki na mawe yake. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, ndivyo tunavyosema, ila hapa mchukuzi ni mimi mgeni, na pakacha lilikuwa riziki ya mtu.

Miji hii ilianza kutazamwa upya katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 mchoro wa Chen Yifei wa madaraja mawili ya Zhouzhuang ulinunuliwa na tajiri wa Kimarekani, Armand Hammer, akampa Deng Xiaoping kuwa zawadi, na mji huo uliokuwa umezingirwa na maji ukajulikana duniani. Profesa Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji alizunguka mji baada ya mji akiwasihi viongozi wasibomoe, na wakati huo viongozi wengi walimwona mtu anayezuia maendeleo. Alishinda, tena kuliko alivyotarajia. Leo Zhouzhuang siku ya sikukuu hupiti. Wuzhen, ambako tangu mwaka 2014 hufanyika mkutano mkubwa wa kimataifa wa intaneti, sehemu yake moja ilihamishwa wakazi, ikakarabatiwa kwa ustadi mkubwa, ikafunguliwa kwa tiketi. Ni safi, inapendeza, na usiku taa zake zimepangwa na mtu anayejua taa. Nilitembea humo nikiwa na furaha na kinyongo kwa pamoja. Ilinipa kila kitu nilichokijia, na hakuna mtu hata mmoja aliyenizuia njia kwa kuwa ana haraka zake. Nanxun bado ina watu wenye haraka zao. Si wengi.

Mmoja wao alikuwa bibi wa Baijianlou aliyekaa kwenye kiti kifupi cha mianzi akichambua mboga, na beseni la plastiki jekundu kati ya miguu. Kijana wetu mmoja wa Kitanzania anayesoma Hangzhou ndiye aliyenisindikiza na kunitafsiria. Bibi alitutazama, akasema neno, kijana akacheka.

"Mzee, anauliza kama kwetu kuna joto kama anavyoona kwenye televisheni."

"Mwambie joto lipo, na mvua ipo."

Akaambiwa. Akaingia ndani, akarudi na glasi mbili za chai ambayo sijawahi kuonja mfano wake. Ndani kuna maharage mabichi ya soya yaliyokaushwa kwa moshi, vipande vya ganda la chungwa, ufuta, karafuu hakuna, sukari hakuna, chumvi ipo. Unakunywa maji, unaongezewa, unakunywa tena, mwishowe unapiga glasi kiganjani na kutafuna yaliyobaki. Akatusimamia mpaka tulipotafuna. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya unyevu unaopanda kuta zake kila msimu wa mvua, na juu ya wageni wanaochungulia dirishani kwake wakidhani ni makumbusho. Nilimwuliza, kupitia kijana, kama anaupenda mji ukiwa umetulia hivi. Akajibu kwamba mjukuu wake harudi ila wikendi, na wikendi hakuna utulivu, kwa hiyo anapenda wikendi. Kisha akatuonesha kwa kidole upande wa kaskazini: kama mnataka kuona mashua, nendeni kule. Hizi za hapa ni za kuchezea.

Tulikwenda kule. Kule, nje ya mji wa kale, ni njia kuu ya maji inayounganisha Changxing, Huzhou na Shanghai, moja ya zenye shughuli nyingi kuliko zote nchini, na hakuna kitabu cha wasafiri kilichonitajia. Unaisikia kabla hujaiona. Matishari ya chuma yamefuatana, mengine yamepakia mchanga na kokoto mpaka maji yanalamba sitaha, mengine saruji, mengine makontena. Kimya ulichokuja nacho kinakutoka. Injini zinakohoa, honi zinajibizana, mawimbi yanapiga kuta za zege, na hewa inanuka dizeli na tope. Katika chumba cha nyuma cha kila tishari kuna familia: nguo zimeanikwa, vyungu vya vitunguu vimepangwa kwenye paa, mbwa amefungwa kwa kamba anazibwekea injini za wenzake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa hao, ngama ndiyo nyumba yao. Nikawaza kwamba wale waliokuja kuutafuta mfereji wa kale wameuacha mgongoni kwao. Uko hapa, umetanuliwa, umemwagiwa zege, una matundu ya chuma badala ya mawe, na unafanya kazi ileile ya kubeba vizito kwa bei nafuu. Kijana akanivuta mkono turudi, basi la mwisho lingetuacha. Nilimwomba dakika mbili zaidi. Tishari moja lilikuwa linataka kulipita jingine mahali pembamba, na wanawake wawili, kila mmoja kwenye sitaha yake na mti mrefu mkononi, walikuwa wanatukanana kwa sauti iliyozishinda injini zote mbili.